Siku Kepteni Shali Alipokuja Kama Mgeni

Usiku ule wa kuamkia safari yangu ya kwanza ya ukepteni nililala kwa hasira, nimempa mke wangu mgongo. Nilikuwa nimeshaamua kwamba alfajiri nitampigia simu Bwana Nassor, mwenye boti, nimwambie atafute kepteni mwingine. Mimi ni mtu wa chini. Miaka yote kazi yangu imekuwa kule nyuma ya boti: nafunga ndoana, nashona chambo, nakamata waya wa ndoana samaki anapofikishwa ubavuni mwa boti. Juu kwenye usukani alikaa Mzee Shali, na tangu tumzike sijaona mtu wa kukikalia kile kiti chake, sembuse mimi. Zuhura, mke wangu, aliniambia, "Sema tu waogopa." Nikamwambia aniache nilale. Kweli, niliogopa. Mgeni ni mtalii, anatoka mwisho wa dunia kuja kumvua nduaro mmoja mkubwa, yule samaki mwenye mdomo kama mkuki; kepteni akikosea kidogo tu nduaro anakwenda zake, na mgeni anabaki kukutazama.

Basi usingizi ukanichukua, na mara niko jikoni kwetu, nashona mdomo wa jodari mdogo wa chambo. Jiko linanesanesa wala sishangai. Nikitazama chini, sakafu imekuwa mbao za boti, jua limewaka, maji yanapita kando, na mtu anapanda botini akishika ukingo kwa woga, kama wapandavyo wageni.

Ni Mzee Shali. Tena amevaa kaptura! Mtu ambaye maisha yake yote sikumwona bila kikoi, leo magoti yote nje, meupe kwa krimu ya jua. Pua nayo imepakwa. Ana miwani myeusi na kofia pana yenye kamba ya kufungia kidevuni. Nilicheka hadi nikakaa chini. Nilijua vizuri kwamba amekufa. Mimi mwenyewe niliingia kaburini kumpokea. Lakini furaha ilinijaa, nikamkumbatia, na ananukia tangawizi kama zamani.

"Kepteni," nikamwambia, "kiti chako hicho juu."

Akatikisa kichwa. "Mimi leo ni mgeni."

Na kweli akawa mgeni, tena wa wale wasumbufu. Aliuliza choo kiko wapi. Aliuliza kama leo tutapata. Alifungua kasha la barafu, akachagua soda, akaifungua, akaiacha bila kuinywa. Halafu akajitupa kwenye kile kiti cha nyuma anachokalia mgeni akipigana na samaki, akafunga mkanda, akaitazama fimbo ya kuvulia iliyosimama mbele yake, na uso wake ukawa wa mtoto siku ya Idi. Ndipo nikaelewa. Katika kazi yetu, samaki akishashika, fimbo huguswa na mgeni peke yake. Baharia akiigusa hata kwa kidole, samaki yule hahesabiwi tena. Mzee Shali aliwakamatisha watu nduaro maisha yake yote, na hakuna hata mmoja aliyekuwa wake.

Niko juu sasa. Sikumbuki kupanda ngazi. Usukani uko mikononi mwangu, boti inakwenda taratibu, vyambo vinarukaruka kwenye povu nyuma yetu. Kivuli kirefu kinapanda kutoka chini, pezi linakata maji, na fimbo inapinda. Mshipi unatoka ukilia ile sauti kali ambayo baharia yeyote akiisikia damu humchemka.

Nami nafanya nilichozoea. Naachia usukani, nashuka ngazi mbio, nafika nyuma mikono imetangulia kuutafuta waya.

Mzee Shali hakunigombeza. Ameishika fimbo kwa mikono miwili, mishipa ya shingo imemtoka, na anauliza kwa upole kabisa, "Juu yuko nani?"

Naangalia. Juu hakuna mtu. Boti inajizungukia yenyewe, na mshipi unaelekea chini yake, kwenye propela. Ukigusa tu umekatika.

Nakimbilia ngazi. Ngazi imerefuka, imekuwa kama mnazi, na kila nikipanda miguu inanivuta, inataka kurudi kule ilikozoea. Nalia huku nacheka, sijui kipi ni kipi. Nafika. Nakata usukani, boti inanyooka, mshipi unachomoza upande wa pili ukiwa mzima. Natia gia ya nyuma, tunamfuata samaki kinyumenyume, na mawimbi yanaruka ndani yanamwogesha mzee wangu pamoja na krimu yake yote. Anapiga kelele kwa raha, "Ongeza! Ongeza, mwanangu!"

Nduaro anaruka. Mwili mzima uko nje ya maji, buluu inawaka, anatikisa kichwa kama aliyeambiwa jambo asilolitaka. Mzee Shali anavuta, anapumzika, anavuta tena. Mimi simtazami samaki. Natazama mshipi unakoelekea, na ninaigeuza boti iufuate. Mikono yangu inajua. Au tuseme inajifunza, na hilo lilinifurahisha kuliko samaki mwenyewe.

Mara bahari imekuwa uga wa nyumba ya Mzee Shali, ule tuliosomea hitima. Viti vya plastiki bado vimepangwa, na nduaro anaogelea polepole katikati ya viti hadi miguuni kwa mwenyewe. Mzee Shali anainama, anampapasa ubavu. Anamtoa ndoana mdomoni taratibu, kama mtu anayemtoa mtoto mwiba.

"Haya," anamwambia, "nenda."

Samaki akaenda. Natafuta simu nipige picha kabla hajapotea, mifuko mitupu. Nikaona uchungu. Amengoja umri mzima, na leo hana cha kuwaonyesha watu.

"Picha ya nini?" akasema. "Umeniona wewe."

Akaanza kuondoka, anapita kati ya viti na magoti yake meupe, maji yanamchuruzika. Karibu na mlango wa uga akageuka.

"Kesho samaki akishika, miguu yako itataka kushuka. Iache itake. Wewe kaa."

Nikafungua mdomo nimuulize hali ya huko aliko, nikapigwa ngumi ya bega.

Ni Zuhura. "Wee! Mateke yote haya ya nini alfajiri hii?"

Nilikaa kitandani, machozi na kicheko vimechanganyika, nikamhadithia yote. Nilipofika kwenye kaptura alicheka mpaka akajifunika uso kwa leso. Akachukua simu yangu mezani, akaninyooshea.

"Haya. Bwana Nassor ashaamka saa hizi. Utamwambiaje?"

Nilimwambia airudishe mezani, anitolee shati jeupe, tena alipige pasi. Wageni wakifika gatini, la kwanza huuliza kepteni ni nani, na leo kepteni ni mimi.