Betri Juani

Nimerudi Kagongwa wiki moja baada ya kumzika bibi, mama mzazi wa mama yangu, ili nitoe vitu vyake chumbani. Ndani ya debe la michembe, chini kabisa, pale ambapo vipande vya viazi vikavu huanza kugeuka unga, nilikuta kitu kimefungwa kwenye kitambaa cha kanga. Nilikijua kabla sijakifungua. Ilikuwa kamera ndogo ya kidijitali, ya rangi ya fedha, pamoja na betri mbili zilizopauka kwa jua.

Rafiki yangu, huenda nawe uliwahi kuishika kamera ya bei rahisi ya namna ile, kabla simu hazijamfanya kila mtu kuwa mpiga picha. Yetu ililetwa na mjomba, mtoto wa mwisho wa bibi, aliyekuwa akichimba dhahabu Geita. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Alinikabidhi mimi kwa sababu, alisema, mikono yake ilishazoea nyundo na haiwezi tena kutulia.

Nitaanza kwa kuisifu, kwa maana ilistahili. Mchana, chini ya jua letu la Shinyanga, ilikuwa na jicho la ajabu: ungeweza kuhesabu nywele za sikio la ng'ombe na punje za mtama zilizoanikwa uani. Tena haikuhitaji kumngoja mpiga picha aende mjini na kurudi baada ya majuma mawili. Watu wa kaya nzima waliinamia kioo kisichozidi ukubwa wa kiberiti, kila mmoja akajitafuta, akasema, "Nimejiona," akaondoka ameridhika. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuulizia karatasi. Hilo lilikuwa kosa letu sote. Tulidhani kujiona ni sawa na kuwa na picha.

Udhaifu wake tuliufanyia mzaha. Ndani ya nyumba ilitoa giza tupu. Jirani yetu, mama muuza mafuta ya alizeti, alitazama picha yake aliyopigwa jikoni akauliza, "Haya, meno nimeyaona. Mwenyewe yuko wapi?" Ukibonyeza, ilitafakari kwanza, ilipoamua kupiga, kuku alikuwa ameshapita. Kila betri zilipotolewa, ilisahau tarehe ikarudi siku ya kwanza ya Januari. Haikuwa na kadi, na tumbo lake lilibeba picha kumi na tano tu, kisha likagoma. Zaidi ya yote, ilikula betri kama ndama anayenyonya. Zilipoisha tulizianika juu ya bati, kama tulivyofanya kwa betri za redio, katikati ya michembe na mboga za kukausha. Jua lilizirudishia nguvu ya picha mbili tatu, halafu basi.

Kufuta nilifundishwa na bibi mwenyewe. Nilimpiga picha jikoni kwa flashi, na macho yake, yaliyokwishaungua kwa moshi wa samadi, yakatoka mekundu kama makaa. Aliitazama kwa muda mrefu. Kwetu, unajua, vikongwe wamewahi kuuawa kwa macho ya namna hiyo, wakidhaniwa wachawi.

"Ng'wanone, mwanangu," alisema polepole, "hiyo iondoe. Asiione mtu."

Nikabonyeza, ikatoweka. Nilijifunza siku ile kwamba kufuta kunaweza kuwa huruma, na kwamba hakuachi kovu.

Asubuhi aliyorudi Geita, mjomba alisimama kando ya dume la ng'ombe la bibi, amevaa shati la kitenge. "Wewe fundi," alinitania, "usinikate miguu, nisije kufika mgodini natambaa." Bibi akadakia, "Simama wima! Hata ng'ombe kakushinda kunyooka." Mjomba akacheka, na kwa bahati kamera ikachelewa kiasi cha kukipata kicheko chenyewe. Ilikuwa picha bora kuliko zote nilizopiga.

Siku nne baadaye, wenzangu wa shule walinibishia kwamba kamera ile haiwezi kunasa lori linalotembea. Tulikwenda barabarani, yanakopita malori ya mizigo kutoka Isaka kuelekea magharibi. Tumbo la kamera lilikuwa limejaa. Nilizipitia picha moja moja, na kidole changu kikasimama kwa mjomba. Niliwaza kwa utulivu kabisa: lori hupita, mjomba hurudi. Atakuja wakati wa mavuno, atasimama tena.

Mvua zilipochanganya, duara lilianguka. Duara ndilo jina la wachimbaji kwa shimo lao. Halikumrudisha mjomba, wala kitambulisho chake kilichokuwa mfukoni. Tulifanya matanga bila maiti. Siku ya tatu bibi alinijia ameishika kamera kwa mikono miwili, kama mtu abebaye kifaranga.

"Nitolee mwanangu humo ndani, nimwone."

"Betri zimekwisha, bibi."

Saa ile ulikuwa ukweli. Ndiyo maana ulimi haukusita. Kesho yake alizianika juu ya bati. Jioni akaniletea, nikasema bado hazijapata nguvu. Akazianika tena. Nilikwenda sekondari ya bweni, nikaenda chuo kikuu, na kila likizo nilizikuta pembezoni mwa bati, zimepangwa kuelekea mashariki. Zilipotoa maji alitafuta nyingine, zilizokwisha kutumika kwenye saa za ukutani. Hatimaye aliacha kuniuliza. Hakuacha kuanika.

Jana nilinunua betri mpya dukani. Kamera ililia, ikatoa jicho lake, ikaniambia ni siku ya kwanza ya Januari. Kisha lori likajitokeza: safi, vumbi likining'inia nyuma ya magurudumu, namba zake zote zinasomeka. Nilizipitia picha zote kumi na tano, nikarudia, kana kwamba kufuta kwangu kungeweza kuwa kumekosea. Kila mara nililirudia lori.

Paa za Kagongwa sasa hazina michembe, na redio zinalishwa kwa waya. Simu yangu ina picha za bibi nisizoweza kuzihesabu. Lakini mjomba simkumbuki tena uso. Namkumbuka shati tu, na kicheko kisicho na mdomo. Bibi pekee ndiye aliyekuwa na uso ule, na tumemfukia nao.

Jirani yetu wa mafuta, aliyekwisha kuzeeka, alisimama mlangoni. Nikamwamkia, akaitikia, macho yake yakiwa kwenye mikono yangu.

"Bibi yako alikuwa akituambia, mjukuu wangu akipata nafasi atanitolea mwanangu. Umempata?"

Jicho la kamera lilikuwa bado wazi. Nikaifunga.

"Betri zimekwisha, mama."

Akatazama juu ya bati, akaniambia kwa upole kwamba jua bado lipo.