Hakufuta Shimo

Ninawafundisha wanaojiandaa kubatizwa hapa Jinja, na hakosekani mmoja wa kuniuliza kama Mungu anaweza kumsamehe muuaji. Ninamjibu kwamba anaweza, kisha ninamsimulia Jumapili niliyosali Mbale, katika kanisa ambamo huruma ilikuwa rahisi kuliko nyanya za soko la Nakaloke jua likizama.

Ibada ile ni ya Kiswahili, kwa ajili ya askari jela, polisi na madereva wa Kenya. Aliyetoa ushuhuda alikuwa mwanajeshi mstaafu, suti imepigwa pasi hadi inang'aa. Alikuwa fundi, alijua pa kushusha sauti na pa kujifuta jicho. Alisema zamani, wakati wa vita, aliwachukua vijana majumbani mwao na hawakurudi, ila sasa ameoshwa. Watu wakapiga makofi kama timu yao imefunga bao.

Desturi yao ni kwamba aliyekosewa, akiwapo, huitwa mbele amkumbatie mkosaji. Siku hiyo alikuwapo: mama mzee wa mtaa wa Malukhu, mwenyeji wangu, ambaye mwanawe alichukuliwa na kikosi cha bwana yule. Asubuhi, tukinywa chai, aliniambia anachokifuata kanisani. Alitaka mifupa, aizike nyumbani kwao chini ya mlima Wanale, kwenye migomba, karibu na kaburi la baba wa kijana huyo.

Alipoitwa, mama akaenda mbele polepole. Mchungaji akawashikanisha mikono kama anayefungisha ndoa. Mama akauvuta wake. Kiswahili hakipendi, maana ndicho kilichobisha mlangoni mwake siku ile, vinywani mwa askari, lakini alikitumia.

"Afande, mimi nasamehe. Sasa sema, mtoto yangu muliweka wapi?"

Mstaafu akaitazama kwaya, kana kwamba jibu liko kwa wenye sauti ya kwanza. Akasema Bwana amefuta yote, hata yeye hakumbuki tena.

"Mungu alifuta dhambi," mama akasema. "Hakufuta shimo."

Mchungaji akadaka kipaza sauti, akatangaza kwamba shetani anataka kuharibu ibada, na ngoma zikalia. Basi shetani akawa ni yule bibi mwenye kitambaa kichwani. Mstaafu alipelekwa kula kuku kwa mchungaji. Sisi wawili tukarudi Malukhu kwa miguu.

Twende taratibu hapa, mwanafunzi wangu, wala usiogope. Mungu husamehe bure, lakini hakumtuma mtu yeyote kumziba mdomo aliyeumizwa. Aliyetubu kweli angekuwa wa kwanza kushika jembe na kusema, nifuateni, ni hapa. Kukumbuka ulivyoua, kisha kusahau ulipozika, ni ustadi wa jukwaani tu.

Mama bado anapalilia sehemu moja tupu kati ya migomba. Hapandi kitu pale. Wewe unayeuliza, njoo ubatizwe, mlango u wazi. Ila kama unajua mahali kijana yule alipozikwa, tutapitia kwa mama kwanza.