Sifuri Kumi na Mbili

Kipimajoto kilitundikwa Jumatatu asubuhi, karibu na mlango wa stoo, na kabla msumari haujakaa sawa Mauwa alikuwa ameshakitilia shaka. Kwa nini pale mlangoni, penye nafuu, na si huku kwenye meza za pasi? Na kwa nini aliyekileta ameshika daftari?

Aliyekileta alikuwa Tahera, mkwe wa mzee Remtulla mwenye karakana. Mzee alikuwa safarini Mombasa, kazi kamwachia yeye. Wiki iliyotangulia Somoe, mwenzake Mauwa wa meza ya pili, mwenye mimba ya miezi mitano, alikuwa ameanguka na pasi mkononi. Sasa bosi mdogo amekuja na utaratibu.

"Mshale ukipita thelathini na nne, kila mtu wa pasi anatoka dakika kumi kila saa," alisema Tahera. "Benchi lipo koridoni, maji yapo kwenye ndoo. Anayetoka aniambie, niandike jina."

"Jina la nini tena, madamu?" aliuliza Anselmo, mkata vitambaa.

"La kumbukumbu tu."

Kumbukumbu tu. Mauwa aliinamia shati lake asionekane uso.

Karakana ile ya Mikocheni ilishona sare za shule, na Januari ndiyo mwezi wake. Shule zinafunguliwa, wazazi wanajaa dukani, na jua nalo huchagua mwezi huohuo kushuka hadi usawa wa bati. Madirisha hayafunguliwi. Nje ni barabara ya vumbi, na shati jeupe halina msamaha: chembe moja tu, linarudi kufuliwa. Basi watu hufungiwa ndani pamoja na mvuke wa pasi na harufu ya wanga, ili mashati yatoke safi.

Mauwa alikuwa na miaka hamsini na miwili, na pale alikuwa na miaka sita, yote ya kibarua. Mzee Remtulla alimwahidi mkataba msimu huu ukiisha. Mkataba maana yake ukiugua kazi inakungoja. Mwanamke wa umri wake, mpangaji wa chumba kimoja Tandale, hatafuti kazi mpya. Anailinda aliyonayo kama mtu anavyokinga kibatari na upepo. Na madaftari alikuwa anayajua. Zamani, kwenye kiwanda kimoja huko Temeke, msimamizi aliwaandika waliokwenda chooni. Kumbukumbu tu, alisema. Mwisho wa mwezi waliotoka mara nyingi waliambiwa kazi imepungua. Walikuwa tisa. Mauwa alikuwa wa nane.

"Usitoke," alimnong'oneza Somoe. "Lile daftari lina meno."

"Nikianguka tena, mama, litanibeba lenyewe?" Somoe alijibu, akazima pasi yake akaenda.

Mauwa alibaki. Alibaki siku hiyo na kesho yake, na wiki ikageuka. Aliacha kunywa maji asubuhi ili asiwe na haja ya kutoka. Saa saba mchana meza ilikuwa ikienda mbali na kurudi machoni pake, naye akajifunza kuegemeza nyonga kwenye mbao mpaka chumba kitulie. Jioni, chooni, mkojo wake ulikuwa na rangi ya chai isiyo na maziwa. Alijua si heri. Hakumwambia mtu.

Siku moja Tahera alimletea mwenyewe kikombe cha maji ya ndimu, ndani kuna chumvi kidogo na barafu. Mauwa alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akakiweka nyuma ya ndoo ya wanga mpaka barafu ikaisha. Kwa nini yeye peke yake? Alipoinua macho alimwona bosi mdogo akimtazama, kisha akiandika. Na akiandika kwa penseli. Kitu cha kufutika.

"Mtani," Anselmo alimwita akipita na kikombe cha maji, "unakauka kama muhogo juu ya paa. Nyie Wayao hamjui kivuli?"

"Kwetu tunapumzika tukishawazika Wamakonde."

"Basi utangoja sana, maana mie nakunywa maji."

Hata Somoe alicheka. Mauwa naye alicheka, ingawa midomo ilimuuma kwa kupasuka.

Jumamosi ya pili alasiri, hesabu ya siku ikiwa imeshaandikwa, mzee Remtulla alirudi. Aliingia na kofia yake nyeupe yenye ukingo wa dhahabu, akapokea daftari, akalisoma amesimama katikati ya chumba. Kwa kawaida yeye na mkwewe huzungumza lugha yao. Siku hiyo alizungumza Kiswahili, tena kwa sauti, na Mauwa akajua anataka wasikie.

"Hizi sifuri ni nini?"

"Mtu ambaye hakutoka siku hiyo, baba."

"Na hizi kumi na mbili zote za nani?"

"Za mama Mauwa."

Mauwa aliitwa, akaenda. Alikuwa amejiandaa kwa kila mtego isipokuwa huu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Siku kumi na mbili hukupumzika?"

"Sikupumzika."

"Unaumwa?"

"Siumwi."

Mzee alimgeukia mkwewe. "Umeona? Huyu ni mama mtu mzima, na anaweza. Hawa vijana wanashindwa na nini? Kuanzia Jumatatu watu wapumzike saa ya chakula tu. Na mkataba wa kwanza nitakaoandika ni wa huyu mama."

"Baba, kipimajoto nimekipeleka mpaka kwenye pasi, ni thelathini na nane," alisema Tahera polepole. "Niliandika vyote hivyo nikuonyeshe. Joto hili, watu hawa wanatoka, na mashati hayajapungua. Nilitaka tuweke wavu wa vumbi, madirisha yafunguliwe."

"Na huyu je? Yeye amefunguliwa dirisha gani?"

Jibu alikuwa nalo Mauwa.

Alirudi mezani. Kile alichokitaka kwa miaka sita kilikuwa kimetamkwa mbele za watu. Somoe aliinua pasi bila kumtazama, mkono mmoja kiunoni.

"Hongera, mama," Anselmo alisema.

Hakusema mtani. Alisema mama, kwa adabu, kama mtu anavyomsalimu mke wa afisa. Hilo lilimuuma kuliko lolote.

Mauwa alilitazama shati lililokuwa mbele yake, kola yake ndogo ya mtoto wa darasa la kwanza. Kisha akazima pasi, akaisimamisha, akatembea mbele ya mzee Remtulla mpaka koridoni. Akachota maji, akaketi.

"Madamu," aliita. "Niandike."

Mzee alimfuata mpaka mlangoni. "Mama Mauwa, si umesema huumwi?"

"Nimesema uongo, mzee. Naumwa toka Jumatatu ile ya kwanza." Kulikuwa na wanaume wakisikiliza, akasema hivyohivyo. "Mkojo wangu una rangi ya chai. Nilikuwa nalikimbia daftari."

Tahera alifungua ukurasa.

"Kwa wino," alisema Mauwa. "Na unisomee ulichoandika."

Tahera alitafuta kalamu mkobani, akaandika, akasoma: tarehe, nyuzi thelathini na nane, Mauwa, mara moja. Mauwa aliinuka nusu akaufuata mstari kwa kidole, neno kwa neno, mpaka mwisho. Bado hakuliamini daftari.

Mzee Remtulla alisimama akiyatazama madirisha yaliyofungwa. Hakusema yafunguliwe, na la Jumatatu hakulirudia. La mkataba hakuna aliyeligusa. Mauwa alikunywa maji yake kidogo kidogo, macho yake juu ya ukingo wa kikombe yakiwa kwenye mgongo wa mzee.

Somoe alitoka. Nyuma yake akaja Anselmo, ambaye hata mtu wa pasi hakuwa.

"Sogea huko, mtani," alisema. "Benchi si la ukoo wenu."