Kigingi Chekundu Kichwani kwa Mama

Mama alizikwa nyuma ya nyumba ya bibi, mzaa mama, karibu na mkorosho ambao matawi yake yanagusa paa. Huku kwetu Kibiti, kwenye njia ya kushukia bondeni, watu wengi bado wanazika nyumbani na hakuna anayeona ajabu. Kuku wanapita, nguo zinaanikwa, watoto wanafukuzwa wasikanyage.

Mimi si mtu wa kuongea. Darasani mwalimu akiniuliza, jibu ninalo, lakini linakwama kooni mpaka aulizwe mwingine. Wenzangu wanasema mimi ni simu iliyozimwa sauti. Kwa mama, lakini, nilikuwa naongea. Asubuhi nikishachota maji nilichuchumaa pale, nikamtolea salamu, nikamsomea Fatiha, halafu nikamweleza mambo. Kwamba hesabu zinanishinda. Kwamba baba amekonda. Kwamba bibi, ninayekaa naye tangu mama afariki, anakoroma kama mashine ya kusaga. Kama kuna mahali duniani sauti yangu ilikuwa inatoka bila kusukumwa, ni pale.

Halafu ikaja habari ya barabara.

Wapima walikuja na vyombo vyao vya miguu mitatu. Walipiga alama ya X nyekundu kwenye ukuta wa bibi, na kigingi kilichopakwa rangi nyekundu wakakichomeka kichwani kabisa pa kaburi la mama. Walisema barabara itakuwa ya lami, pana, itatoka barabara kuu mpaka chini bondeni na kuendelea hadi mahali boti za Mbwera zinapofunga. Samaki watoke deltani alfajiri, mchana wawe Dar es Salaam. Watu walifurahi na mimi nilifurahi, kwa sababu masika wenzetu wa ng'ambo ya bonde hawafiki shule. Bibi alisema hata pale Ndundu kabla ya daraja watu walikuwa wanalala wakisubiri pantoni, na waliosema daraja halitajengwa walikufa wakiwa wameshalivuka.

Ila nyumba yenye X haiguswi. Tuliambiwa tusiendeleze chochote. Makuti yalipooza, yakabaki yameoza. Mvua ikinyesha tulikuwa tunahamisha kitanda kama tunacheza bao.

Kuhusu makaburi, walisema kwenye mkutano kwamba serikali ina watu wake wa kuhamisha. Sisi tutulie, zamu yetu ikifika watakuja. Baba alirudi kutoka kwenye mkutano ule akakaa kizingitini. Kwetu mwanamke akifa haingizwi kaburini na mtu baki. Anapokelewa na mumewe au maharimu zake. Mama alipokelewa na baba na mjomba, kaka yake mama. Sasa baba alikuwa anawaza kwamba watakuja vijana wenye glovu na boksi, watamshika mke wake kama mzigo wa sokoni. Alikwenda kwa shehe. Shehe akamwambia kama barabara lazima ipite, basi ni afadhali wamtoe wao wenyewe kwa heshima.

Bibi alikataa. Lakini bibi na baba ni wakwe, na huku mkwe hamkabili mkwe wake kwa maneno. Wakikaa uwanja mmoja wanapeana migongo kidogo, na maneno yanapita kwangu. Mimi, ambaye hata dukani naonyesha kwa kidole, ndiye niliyekuwa redio yao.

"Mwambie baba yako," bibi alisema akichambua mchele, "mwanangu ameshapumzika. Barabara haijafika. Ikifika ndipo tusumbuane."

Baba alikuwa amesimama hatua chache tu, amesikia kila kitu, lakini alisubiri mpaka nikamfikishia.

"Mwambie bibi yako, ikifika itafika na katapila."

Bibi aliendelea kuchambua mchele. Mjomba alikuwa upande wa baba. Wakakubaliana kumpeleka kwenye makaburi ya ukoo wa baba, ukingoni mwa bonde, kwa sababu huku juu kila kiwanja kilikuwa na X. Walitaka wamalize kabla Ramadhani haijaingia.

Siku yenyewe wanawake tulibaki ndani. Nilikaa na bibi kwenye mkeka chumba cha nyuma, tunasikia majembe. Bibi alikuwa na ungo mapajani lakini vidole haviendi. Kuna wakati majembe yalinyamaza. Kisha nikachungulia kwenye upenyo wa dirisha nikawaona baba na mjomba wanapita na sanda mpya nyeupe, baba mbele, mjomba nyuma. Walivyokuwa wanatembea ndivyo nilivyojua kuwa mama amekuwa mwepesi.

Bibi alirudishia udongo kwenye lile shimo yeye mwenyewe kwa mikono. Hakuruhusu papandwe kitu. Kigingi kilibaki pale pale.

Kazi ya barabara ilianzia bondeni, kwa kuwa ilikuwa kiangazi na kumekauka. Wakajaza kifusi, wakapandisha tuta refu kukatisha bonde, limekwenda juu kama paa la nyumba. Mjomba akapata kibarua cha kushika bendera, ya kijani magari yapite, nyekundu yasimame. Alipewa fulana inayong'aa, akaipenda mno. Aliivaa hata harusini, shangazi mmoja akamuuliza kama amekuja kusimamisha bibi harusi. Pembeni ya tuta walishusha makalavati ya zege, yale mapipa makubwa ya kupitisha maji chini ya barabara, wakayapanga tayari kwa kufukiwa.

Hayakufukiwa. Mashine ziliondoka moja moja, zimebebwa migongoni mwa malori, tukaambiwa zinakwenda kufanyiwa matengenezo. Kisha kambi ikavunjwa. Ndipo tukasikia fungu limepunguzwa. Kijiweni walisema pesa zimehamishiwa kwenye uwanja mkubwa wa mpira unaojengwa mjini. Baadaye waliotoka mjini wakasema uwanja nao umesimama, ni nguzo tu na majani. Mzee muuza kahawa akasema basi pesa zitakuwa zimekwama Ndundu, zinasubiri pantoni. Watu walicheka sana siku hiyo. Baba hakucheka.

Afisa mmoja alikuja kutusomea mabadiliko. Kwenye makazi barabara haitapanuliwa tena. Kwa sasa itaishia kwenye tuta. Makalavati yatawekwa awamu inayofuata, fedha zikipatikana. Wenye X wawe na subira. Baba alinyoosha mkono akauliza habari za makaburi.

"Makaburi gani?" afisa akauliza, na hakuuliza kwa ubaya. Hakuwa nayo kwenye karatasi zake. Waliosubiri kuhamishwa walikuwa hawajahamishwa, kwa hiyo kwake hakuna kaburi lililoguswa.

Tulirudi nyumbani tukiwa watatu, baba mbele, mimi katikati, bibi nyuma. Tulipofika uwanjani bibi akaniambia, "Mwambie baba yako nimesikia." Sikumwambia. Hapakuwa na haja, mgongo wake ulikuwa umeshapokea.

Mimi nilianza kushuka bondeni kumtembelea mama baada ya shule. Kulikuwa na kijiti tu kichwani na kingine miguuni. Nilimsalimia, lakini maneno mengine yalikuwa hayaji. Palikuwa pageni. Jamaa zake baba waliolala pale siwajui, nikaona aibu kuongea mbele yao.

Ikaja masika. Watu wa huku hawaogopi maji. Mto unajaa, maji yanaingia bondeni, yanakaa, yanatoka, yanaacha tope na mpunga unalimwa humo. Wazee wetu wamekula hivyo. Safari hii yalikuja na hayakutoka. Tuta lilikuwa limeziba bonde na makalavati yamelala juu nchi kavu, mbuzi wanalala ndani yake. Upande mmoja wa tuta ziwa, upande wa pili watu wanatembea na kandambili. Nilikuwa nasimama juu ya tuta naangalia makaburi. Kwanza maji yalifika kwenye kijiti cha miguuni. Kisha kikabaki cha kichwani peke yake, kimechomoza.

Wanaume walikwenda kuomba tuta likatwe. Mtendaji wa kijiji akasema tuta ni mali ya serikali, atakayeligusa atalala ndani. Na mlinzi aliyewekwa kulilinda, tangu kazi iliposimama, alikuwa mjomba.

Ijumaa moja bibi alinituma nimpelekee mjomba wali, maana asingeweza kuliacha lindo akaswali msikitini. Nilimkuta amekaa juu ya kalavati na fulana yake inayong'aa, macho kwenye maji. Sijamkabidhi sahani, tukamwona baba anakuja kutoka msikitini. Kanzu ameifunga kiunoni, jembe begani.

Mjomba alisimama. "Shemeji, usinitie majaribuni."

"Dada yako yuko majini."

"Najua aliko. Mimi ndiye niliyembeba miguu."

Baba alishusha jembe. Walitazamana, wala hapakuwa na ugomvi usoni kwa yeyote. Kisha mjomba akavua ile fulana, akaikunja vizuri kama anayetaka kuirudisha dukani, akanipa.

"Mjomba, nishikie hii," akaniambia, kama tunavyoitana.

Akachukua koleo lililokuwa ndani ya kalavati, wakaanza pamoja.

Walikata mkabala na makaburi, ili maji yaanze kutoka pale. Kama ni shamba la mpunga wangekuwa wamefanya sawa. Kwenye jaruba ukitaka kuokoa mche unafungua tuta karibu na mche, maji yanateremka polepole. Hivyo ndivyo walivyolelewa. Lakini tuta la barabara ni kifusi kikavu kilichomwagwa tu, halikuwa hata limeshindiliwa juu, na nyuma yake palikuwa na maji ya bonde zima. Mwanzo ulitoka mfereji mwembamba, nikaona baba anatabasamu, mara ya kwanza tangu mama ahamishwe. Halafu kingo zikaanza kumeguka. Mjomba akamvuta baba nyuma, na pale walipokuwa wamesimama pakaondoka.

Maji yaliyokuwa yametulia wiki nzima yakapata njia, na njia yenyewe ilipita juu ya makaburi. Nilikiona kijiti cha kichwani kinainama. Kikainuka tena. Kikaenda. Udongo uliokuwa chini yake ulikuwa mpya bado, haujashika. Baba aliingia majini mpaka kifuani, mjomba amemshika kanzu kwa nyuma anamrudisha. Mimi nilikuwa nimeshika fulana na sahani ya wali.

Maji yalipokauka tulikwenda. Palikuwa na korongo, na tope limelala mpaka mbali upande wa pili, laini, halina alama. Baba na mjomba walitafuta siku nyingi. Sitaandika walichokipata, kwa sababu ni kidogo, na hawakuwa na hakika ni cha nani. Walikizika pale pale wakaomba dua.

Mtendaji alipouliza nani amekata tuta, kijiji kizima kilisema ni mto. Alijua. Aliandika mto. Mjomba aliachishwa lindo hata hivyo, siku hizi anachoma mkaa huko porini, na fulana yake bado iko kwangu, hajaiulizia.

Baba aliacha kuja kwa bibi. Alikuwa anapita njia ya nyuma, kichwa chini, kama mtu aliyeiba. Bibi alimwona siku zote. Sikupewa hata neno la kupeleka. Halafu jioni moja, tunapakua ugali, baba akawa anapita, bibi akanyanyuka, akamgeukia, uso kwa uso.

"Mwanangu, njoo ule," akamwambia.

Nilingoja aniambie mimi nimwambie. Hakuniambia. Baba alikuja akakaa. Alikula matonge machache na machozi yanadondokea mchuzini, na bibi akawa anamsogezea samaki.

Alipomaliza alikwenda nyuma ya nyumba kukiondoa kile kigingi. Alikuwa ameshakishika kwa mikono miwili bibi alipomfuata. "Kiache," akasema. "Hapa ndipo nilipomlaza mwanangu. Kitanionyesha kichwa kilipokuwa."

Kwa hiyo kipo. Nami nimerudi pale asubuhi. Najua mama hayupo, nimeona kwa macho yangu alikokwenda. Namsalimia hivyo hivyo. Maneno mengine yanakuja, si yote.

Juzi wapima wamerudi. Si wale wa zamani, ni vijana wengine, na chombo kile kile cha miguu mitatu. Bibi alikuwa ndani anaswali adhuhuri. Mmoja akasimama kwenye kigingi, akaangalia chini, akaniangalia mimi.

"Binti, hapa kuna kaburi?"

Nilisikia jibu linakwama palepale linapokwama siku zote. Nikalisukuma.

"Lipo."

"La nani?"

"La mama."

Aliitazama ile ardhi, iko sawa kabisa, imefagiliwa. Nilidhani atabisha. Akaniambia nisiwe na wasiwasi, kwa sasa hakuna fungu la makaburi, wao wameambiwa wapime tu. Kisha akatoa kopo, akakipaka kigingi rangi upya kwa sababu ile ya zamani ilikuwa imepauka.

Bibi alipotoka nikamweleza. Akaenda akakitazama, akasema nisikiguse mpaka kikauke.