Siku Raudha Alipozima Mtawanyiko

Kwa miaka kumi na minne Raudha Khalfani wa Temeke alipiga watu picha za eksirei. Kisha, akiwa na miaka thelathini na sita, akaenda chuo kusoma fizikia ya mionzi, darasa moja na vijana waliomwamkia shikamoo. Alirudi na cheti. Hospitalini, ile ndogo ya Mikocheni, wakakitazama, wakamsifu, wakamrudisha kwenye mashine yake ileile.

Mwaka huu wakajenga chumba kipya cha eksirei, na kwa mara ya kwanza akapewa kazi ya kuweka saini: athibitishe kwamba ukuta unawakinga wagonjwa wanaosubiri kwenye benchi upande wa pili.

Ilianza vibaya. Aliuchora ukuta ndani ya kompyuta, programu ikarusha mamilioni ya chembe za mionzi, ikasema zinazopenya ni nyingi mno. Kipimo cha mkononi, alichokiweka juu ya benchi lenyewe, kikaonyesha pungufu ya hesabu hiyo, zaidi ya mara kumi.

Dokta Sadallah, mwenye hospitali, alimsikiliza huku amesimama.

"Sasa nibomoe ukuta au nitupe kompyuta?"

"Nipe mpaka Ijumaa, dokta."

"Ijumaa ikipita naita mtaalamu wa nje. Wewe utarudi kwenye picha. Huko hujawahi kutuangusha."

Sifa nyingine huuma kuliko tusi.

Brightson, fundi wa vifaa, alikuwa na jibu tayari. "Mie nakwambia ni mtawanyiko, sista. Chembe zikigonga tofali zinarukaruka huku na huku kama watu kwenye singeli. Programu imezidiwa."

Kila mtu aliafiki, na hilo ndilo lililomtia Raudha shaka. Kama kosa liko kwenye mtawanyiko, aliwaza, basi niuondoe nione. Kwenye mipangilio ya programu palikuwa na alama ndogo ya vema kando ya neno mtawanyiko. Akaifuta. Sasa kila chembe iliyogonga chochote iliishia palepale. Zilizohesabiwa ni zile tu zilizopita moja kwa moja bila kugusa kitu.

Ukuta wa namna hiyo haupo duniani. Lakini unaweza kupigiwa hesabu kwa biro. Raudha akaipiga nyuma ya fomu ya mgonjwa, polepole, akarudia. Karatasi na skrini vikalingana mpaka tarakimu ya tatu.

"Brightson, njoo uone!"

"Nimeona. Ila dunia ina mtawanyiko, sista. Hiyo inakusaidia nini?"

"Najua sasa programu haidanganyi. Mimi ndiye niliyeidanganya."

Alikuwa ameiambia nini? Umbali aliupima mwenyewe kwa futi. Nguvu ya mashine aliisoma kwenye mashine. Unene wa ukuta, inchi sita, aliutoa kwenye mchoro wa ujenzi, kwa sababu mchoro ulikuwa na mhuri.

Akampigia simu Polikarpo, fundi mwashi aliyekwishahamia Mbweni kwenye kazi nyingine.

"Fundi, ule ukuta wa eksirei tofali ulizisimamisha au ulizilaza?"

"Nizisimamishe? Dada, ukuta wa choo nasimamisha. Ule nimelaza, kama msingi. Inchi tisa."

"Mchoro unasema sita!"

"Mchoro haukai kwenye benchi lile. Mimi mama yangu anatibiwa hapo."

"Na hukumwambia mtu?"

"Nani aliniuliza? Mlikuwa mnauliza namaliza lini tu."

Raudha hakuridhika na maneno. Akapenyeza waya mgumu kwenye tundu la bomba la umeme, akaupima: inchi tisa, na lipu juu yake. Akaandika tisa kwenye programu, akairudisha ile alama ya vema, akaacha chembe zigongane zinavyotaka. Programu ilipomaliza, akasoma namba, akasoma kipimo, akasoma tena namba. Kisha akapiga kigelegele ndani ya chumba cha eksirei, wagonjwa wa korido nzima wakageuza shingo.

"Nani kaolewa?" akauliza bibi mmoja.

"Ukuta!" akajibu Brightson, naye anacheza.

Ijumaa Dokta Sadallah aliisoma ripoti, safari hii amekaa.

"Kwa hiyo ukuta ni mzima?"

"Mzima kuliko mchoro wako, dokta."

Akacheka bila kupenda, akamsogezea kalamu. Raudha akatia saini. Alipotaka kuirudisha ripoti, daktari akaizuia kwa kidole.

"Hujaandika cheo."

Akaandika, kwa herufi kubwa: MTAALAMU WA MIONZI.