Mama Chokaa anayechora mtaa mpya mbele ya kituo cha treni

Jumapili asubuhi. Uwanja wa kuegesha magari mbele ya kituo cha treni uko mtupu, isipokuwa gari moja bovu lenye vumbi ambalo mwenyewe hajaonekana tangu mwezi uliopita. Katikati ya uwanja, mwanamke wa miaka arobaini na saba amechuchumaa, suruali kaikunja hadi chini ya magoti, mkononi ana kopo la maziwa ya unga lililotobolewa matundu kitakoni. Analitikisa. Chokaa inamwagika taratibu, ikiifuata kamba iliyolazwa juu ya lami.

Ncha ya pili ya kamba imeshikwa na mwanamume mnene aliyevaa kizibao cha rangi ya chungwa.

"Shemeji, kamba imelegea," mwanamke anasema bila kuinua kichwa.

"Kamba haijalegea. Wewe ndiye umezeeka, macho yanacheza."

"Vuta."

Anavuta.

Mistari hiyo ni nyumba. Hapa chumba cha kulala, pale jiko, na kule penye mistari miwili iliyoachana sana ndipo itakapopita njia ya waenda kwa miguu, kutoka mlango wa kituo hadi shule ya msingi. Hakuna hata tofali moja. Lakini familia zimeanza kuwasili, wengine na watoto mgongoni, nao wanapita milangoni kwa adabu, kana kwamba ukikanyaga chokaa utagonga ukuta.

Bibi mmoja anasimama jikoni na kunyoosha mkono. "Nikifungua mlango huu nampiga anayepika."

Mwanamke mwenye kopo anaufuta mstari kwa soli ya kiatu na kuuhamishia upande wa pili. "Na sasa, mama?"

"Sasa tunaweza kuishi."

Watu wa kitongoji hiki wanamwita Mama Chokaa. Ofisini ni mpangaji miji wa manispaa, na kwa miaka mitatu kazi yake imekuwa moja: kuugeuza uwanja huu wa magari kuwa mtaa wa watu.

Hakuzaliwa na rula mkononi. Alipokuwa na miaka kumi na tisa alipata kibarua cha kushika fimbo ya wapima ardhi, ile ndefu yenye rangi nyekundu na nyeupe. "Kazi yangu ilikuwa kusimama wima na kunyamaza," anasema. "Sasa wenye nyumba wanakuja kwangu, maana mimi ndiye niko karibu. Binti, wanapima nini? Nami sijui. Nikaona aibu ya kutojua inauma kuliko jua."

Akajiandikisha masomo ya jioni. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa kati ya mtihani wa ramani na mtihani wa sheria ya ardhi, na yote miwili alifaulu. Alipata shahada akiwa na miaka thelathini na minne. Mumewe, fundi wa majokofu, ameitundika sebuleni juu ya televisheni, mahali ambapo mgeni hawezi kuikwepa.

Reli ya treni nyepesi ilipofika hapa miaka saba iliyopita, watu walishangilia. Lakini kituo kilijengwa katikati ya lami, magari mia tatu yakikizunguka, bila duka, bila kivuli.

"Treni inawaleta watu halafu inawatema kwenye lami," anasema Mama Chokaa. "Ukitaka mkate, panda gari. Mtoto ana homa, panda gari. Sasa hiyo treni imekusaidia nini?"

Mpango wake unajibu swali hilo. Nyumba za ghorofa nne zitakaa karibu na kituo, na kadiri unavyosogea mbali zinapungua kimo hadi zilingane na nyumba za zamani. Chini ya ghorofa patakuwa na maduka, kliniki na mahali pa kulelea watoto wadogo. Theluthi ya nyumba itapangishwa kwa kodi nafuu, kwa ajili ya wahudumu wa hospitali, wapishi wa shule na wengine ambao leo wanatumia saa mbili kufika kazini. Magari yatabaki, lakini chini ya mia moja, nyuma kabisa.

Ulikuwa mpango mzuri. Tatizo lilikuwa kwamba katikati yake alikuwemo shemeji yake.

Mwanamume wa kizibao cha chungwa ni mdogo wa mumewe. Jina lake la mtaani ni Breki, kwa sababu kwa miaka saba amesimama kwenye lango la uwanja huu akiyaongoza magari kuingia na kutoka, na neno hilo hulitamka mara nyingi kuliko salamu. Yeye na wenzake kumi na wanane, waelekezaji na waosha magari, waliishi kwa uwanja huo.

Siku moja manispaa ilibandika michoro ya kwanza kwenye ukuta wa kituo. Breki aliisoma taratibu, akakitafuta kibanda chake. Jumapili ya wiki hiyo alikwenda kula kwa kaka yake kama kawaida. Alipakuliwa, akala vijiko viwili, akaweka kijiko chini.

"Shemeji," akasema, "pale pangu langoni pana duara la kijani. Ile ni nini?"

"Mti," akajibu.

"Mimi niko wapi?"

Anakiri kwamba hakuwa amemchora popote. Kwenye maelezo ya mpango kulikuwa na sentensi moja tu, kwamba walio kwenye ajira ndogo ndogo watafikiriwa baadaye.

"Miaka yote hii tunataniana, hujawahi kunitukana," Breki akasema. "Leo umenichora mti."

Akanawa mikono, akaondoka. Wiki iliyofuata mabango yalisimama langoni: HATUHAMI. Mwandiko ulikuwa wa Breki.

Nyumba ikagawanyika. Mume wa Mama Chokaa anacheka sasa anapokumbuka, ila wakati ule hakucheka. "Nilikuwa kama ngoma, huku napigwa, huku napigwa. Nikimtetea mke wangu, mimi si ndugu. Nikimtetea mdogo wangu, mimi si mume." Ndugu hao wawili wakaanza kupishana hata kwa mama yao, mmoja akija mchana, mwingine jioni. Mwezi wa pili wa ugomvi mama yao alichoka. Alifunika sufuria, akawaambia kwa simu, mmoja baada ya mwingine: "Mimi sikuzaa wana wa kula kwa zamu. Mkipatana, nitapika."

Kazini nako kulikuwa kugumu. Mama Chokaa alikwenda kwa mkuu wake wa idara, akamweleza bila kuzungushazungusha kwamba anayeongoza upinzani ni shemeji yake. Wakakubaliana kuwa chochote kitakachotiwa saini kuhusu waelekezaji wale kitapita kwa ofisa mwingine. Lakini aliomba jambo moja zaidi: mpango usipelekwe kwanza kwenye baraza la madiwani. Aliomba miezi miwili.

Mkuu wa idara, mama mwenye sauti ndogo na miwani mikubwa, anakumbuka alivyoshituka. "Wafadhili walikuwa wanasubiri. Wajenzi walikuwa wanasubiri. Nilimwambia, mwenzangu, ukiniangusha tunaanguka wote. Akasema, basi bora tuanguke tukiwa tumeuliza."

Akachukua likizo yake, akaenda kukaa uwanjani.

Kukaa ni namna ya kusema. Siku ya kwanza hakuna aliyempa kiti. Alisimama karibu na ndoo za waosha magari tangu asubuhi hadi treni za jioni, na Breki alimpita mara kadhaa akiangalia angani kama anayetafuta mvua. Siku ya pili aliletewa ndoo, akaigeuza, akaikalia.

"Nilidhani wanaupenda uwanja," anasema. "Nani aupende? Lami inawaka. Hakuna choo. Walichokuwa wanakiogopa ni lile neno letu, baadaye."

Mzee kuliko wote pale, mwosha magari mwenye mvi, ndiye aliyemwambia maneno ambayo bado anayarudia ofisini. "Mwanangu, hiyo baadaye tumeshaila sana. Haishibishi."

Hapo ndipo lilipokuja wazo la chokaa. Michoro ya ukutani ilikuwa imewakosanisha watu na mpango, kwa hiyo akaamua kuchora mpango wenyewe chini, kwa ukubwa wake halisi, Jumapili ambayo magari hayapo. Alinunua mfuko wa chokaa, akatoboa kopo. Wenzake wa ofisini walimtania kwamba anatengeneza uwanja wa mpira.

Watu walikuja kwa udadisi, wakabaki kwa ubishi. Mke wa mwosha magari mmoja alipima sebule kwa hatua zake na kutangaza kuwa kochi lake haliingii. Vijana wawili walilala chini kwenye chumba cha kulala kuona kama miguu itatokeza nje. Breki alikaa kibandani mwake, mikono kifuani, akitazama.

Jua lilipopanda alitoka. Alitembea juu ya mistari bila kujali kuta, akasimama mbele ya shemeji yake. Ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha tangu siku ile ya mezani.

"Nimeona vyumba. Nimeona duka. Mimi niko wapi?"

Mama Chokaa akampa kopo. "Jichore."

Breki alilishika kama mtu aliyepewa mtoto mchanga. Kisha akaanza. Alichora mstatili mkubwa palepale kwenye mlango wa kituo, akaeleza: hapa tutunze baiskeli na pikipiki za abiria, hapa mizigo ya wanaoingia sokoni, huku nyuma pa kuoshea. Wenzake wakamzunguka, kila mmoja akiongeza lake.

Mama Chokaa akautazama mchoro, kisha akatikisa kichwa. "Hapana."

"Nilijua," Breki akasema.

"Hujajua. Wazo nalitaka. Mahali sipataki. Hapo umeziba njia ya viti vya magurudumu, na mtoto anayetoka shule hatakuona mpaka akugonge. Na maji ya kuoshea yatateremka hadi kliniki."

Walibishana mbele ya watu wote, shemeji kwa shemeji, hadi waliosimama karibu wakaanza kucheka. Akamsogeza kushoto, chini ya ghorofa ya pembeni, mahali penye mteremko wa kupeleka maji machafu upande wa mtaro. Breki akapinga. Akatembea kutoka pale hadi mlango wa kituo, akarudi, akatembea tena. Mwisho akasema, "Nisogeze basi. Ila usinisogeze tena."

Jioni hiyo mama yao alipika.

"Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune," anasema mama huyo. "Jirani zangu walikuwa wameshashika majembe. Niliwaona."

Miezi miwili ilipokwisha, mpango ulipelekwa barazani, na humo mstatili wa Breki ulikuwa na vipimo, mlango, bomba na choo. Waelekezaji na waosha magari walikuwa wamesajili ushirika, na ofisa mwingine alikuwa ameandaa mkataba wao wa pango. Bado hakuna aliyejua Breki atasema nini alipoomba nafasi ya kuzungumza. Diwani mmoja alikumbuka mabango yale, akaguna.

"Waheshimiwa," Breki alisema, "mabango ni yangu, siyakatai. Uwanja ule umenilisha, lakini pia umenichoma kichwa miaka saba. Huyu mama hakunipa nilichotaka. Nilitaka mlangoni, akanisogeza. Lakini amenisogeza tukiwa tunatazamana. Pitisheni."

Mpango ukapita, mikono michache tu ikipinga. Mama Chokaa anasema wakati huo aliinama kufunga kamba za viatu. Mkuu wake wa idara, aliyekuwa ameketi kando yake, ana kumbukumbu tofauti. "Viatu vyake siku ile havikuwa na kamba."

Si kila kitu kilipatikana. Maktaba aliyoitaka imeondolewa kwa kukosa fedha. Wawili kati ya wale kumi na tisa hawakungoja, walikwenda kutafuta riziki kwingine. Na wenye magari wanalalamika kila asubuhi, baadhi wakimtaja kwa majina ambayo gazeti haliwezi kuyachapa. Hayo anayasikia, na anasema wana haki ya kulalamika. Mabasi madogo ya kuwaleta kituoni ndiyo kazi iliyo mezani kwake sasa.

Mvua zikiisha, mtaro wa kwanza wa msingi utachimbwa. Jumapili hii ni ya mwisho ya kupima, kabla michoro haijafungwa na kukabidhiwa wajenzi, ndiyo maana amekuja na chokaa ya kutosha kwa ghorofa nzima ya chini.

Nilipomuuliza Breki kama amesahau ile siku ya kuchorwa mti, alilegeza kamba kidogo akafikiri. "Si uongo," alisema, "ulikuwa mti mzuri. Na huyu ndiye mpangaji pekee ninayemjua anayeweza kukuambia hapana na ukarudi kesho yake kumsaidia. Mwandike hivyo. Ni wetu."

Mama Chokaa amebakiza miaka kumi na mitatu kustaafu. Kabla ya hapo anataka kupanga eneo la kituo cha mwisho cha reli hii, ambako kwa sasa kuna majani na banda moja la kuuzia tiketi. Ameshaomba. Safari hii, anasema, ataanza kwa kukaa na watu, michoro itafuata.

Na baada ya kustaafu? Hapo anaweka kopo chini, anajipangusa mikono kwenye suruali.

"Nataka kupanga nyumba hapa, ghorofa ya pili, upande wa reli. Nitasubiri zamu yangu kama mtu mwingine. Halafu nitakuwa mkazi mwenye maneno mengi. Treni ikipiga kelele, nitakwenda manispaa. Taa ikizimika njiani, nitakwenda. Nitamkuta mpangaji kijana hajanywa hata chai, nimwambie, mwanangu, vaa viatu, twende ukaone."