Wajumbe wa Kupeleka Hapana

Mimi ni mtu wa kubeba mikoba ya wakubwa. Nilipohamia Texas na shahada zangu nilidhani tabia hiyo nimeiacha Nairobi. Lakini Jumamosi ya kwanza nilipokutana na mzee Mmarekani aliyepewa kazi ya kuninoa, nilimpokea begi lake pale nje ya mkahawa, mjini Irving, bila kuuliza. Akalishikilia. Tukavutana kidogo, mimi nikitabasamu kwa heshima, yeye akitazama huku na huku kutafuta msaada.

Nilikuwa naibu wa msimamizi mkuu wa shule za wilaya moja ndogo, na bosi wangu alikuwa karibu kustaafu. Nilikitaka kiti chake mpaka nikakosa usingizi. Bodi ya shule isingenifikiria bila neno la mzee huyo, ambaye alikuwa amefanya kazi ya usimamizi mkuu miaka mingi. Mke wangu alishanunua kofia ya sherehe.

Kila Jumamosi mzee alinieleza mpango fulani kisha akaniuliza naonaje. Nami, nikiwa na tai shingoni mbele ya sahani ya mayai, nilijibu, "Wazo zuri sana, bwana." Mipango ikazidi kuwa mibaya. Siku moja akasema tuondoe basi la watoto wa fleti za wakimbizi. Watembee tu, wavuke barabara kuu. Watoto wale nilisali nao. Nilikasirika kwelikweli, kwa hiyo nikanyamaza. Kwetu kimya cha namna ile ni makelele, na mzee yeyote angeuliza kulikoni. Huyu aliagiza kahawa nyingine.

Nikafanya kama nilivyolelewa: nikatafuta wajumbe. Mzee mmoja wa kanisa letu, Mkongo aliyefanya kazi ghalani, alinielewa kabla sijamaliza. "Ndugu, mukubwa haambiwe hivi mu macho. Utuachie siye." Muuguzi mmoja, mama Mkenya mwenzangu, akasema, "Niko off Thursday, nita-drive. Kizungu pia niachieni." Wakaenda mji wa Richardson, nyumbani kwa mzee, wamevaa nguo za Jumapili, na chapati kwenye hotpoti. Baada ya salamu ndefu wakamjulisha kwamba kijana wao ana dukuduku kuhusu basi. Kijana mwenyewe nilikuwa na mvi.

Nilijipongeza kwa busara yangu hadi Jumamosi.

"Chapati zilikuwa nzuri," mzee alisema. "Tangu shule zifunguliwe nakuletea upuuzi nikisubiri unikatalie. Lile la basi nililitunga nikiwa bafuni, nikidhani hapo lazima utapiga meza. Bodi itakapotaka jambo baya utamtuma nani? Yule mama?"

Nikamsogezea chumvi.

"Nitawaambia hujawa tayari," akaendelea. "Ila kama unaona nakosea, niambie sasa hivi. Mwenyewe."

Nilikuwa na mengi. Miaka yangu ya kazi, shule nilizozijua mlango kwa mlango, watoto wale ambao ningewapigania mbele ya bodi yoyote, yote yalikuwa yamejipanga kooni. Nikafungua mdomo.

"Asante sana, mzee wangu," nikasema.

Akasubiri. Akakoroga kahawa ambayo hakuwa ametia sukari, akanitazama tena. Kisha akatoa simu mfukoni, akampigia mwenyekiti wa bodi.